Kwa Nini Mashini Inashindwa na Fungu la Kumi



Katika kalasi za chini kuna swali moja ambalo linarudi kila mara mwalimu anapofika kwenye frakisio: "Juu ya nini tunasumbuka na hii, na mashini iko?" Mwenye kuuliza anainua simu yake, simu ambayo kwa sheria ya internati haingepaswa kuwa mkononi mwake saa ile, lakini jambo hilo tutaliongea siku nyingine. Swali lenyewe ni zuri. Linastahili jibu, kuliko kuambiwa tu "nyamaza, andika katika kaye".

Jibu langu ni hili: mashini ya kawaida haijui frakisio. Inajua kitu kingine kinachofanana nayo. Na wale waliotaka mashini ijue frakisio kweli kweli, tena iifanye mbio, ilibidi warudi kwenye kanuni zile zile ambazo mwalimu anaziandika kwenye tablo, PGCD na kufupisha na vyote.

Kamata mashini ndogo ya tarakimu 8, ile inayouzwa sokoni. Gawanya 1 kwa 3. Inaonyesha 0.3333333. Sasa zidisha kwa 3. Inaonyesha 0.9999999. Mtoto wa kalasi ya kwanza atapiga kelele: "Inasema bongo!" Hapana, haisemi bongo. Kitambo kidogo ulimwomba theluthi, ikakupa tarakimu zilizoenea kwenye kioo chake, na zilizobaki ikazitupa. Ulipomwomba kuzidisha, ilizidisha kile ilichobaki nacho. Ilikosa pale mwanzo, na haikukuambia.

Mutu atasema, hiyo ni mashini ya bei ndogo, lakini ordinatere, ile wenzetu wa Tanzania wanaita kompyuta, ni kitu kingine. Kumbe ni ndugu moja. Katika lugha ya programu iitwayo Python, ukijumlisha 0.1 na 0.2, jibu linatoka hivi: 0.30000000000000004. Hakuna theluthi hapa. Ni sehemu ya kumi tu, ile ile tunayoijua wote kanisani, fungu la kumi. Mkulima anaweza kuhesabu magunia kumi na kutoa moja bila kukosa. Kompyuta inakosa. Sababu yake inaeleweka bila shida tukikwenda sokoni.

Waza mama anayeuza unga pale Likasi. Ana meka moja, na vipimo vyake vingine vyote vimekatwa kwa nusu: nusu ya meka, robo, nusu ya robo, na kushuka hivyo hivyo. Mnunuzi mmoja mwenye taabu anamwomba sehemu ya kumi ya meka, isizidi wala isipungue. Nusu ni nyingi. Robo ni nyingi. 1/8 bado ni nyingi. 1/16 inaingia, anamwaga. 1/32 inaingia, anamwaga. Sasa ametoa 3/32, na deni lililobaki ni 1/160. Anashuka: 1/64 hapana, 1/128 hapana, 1/256 ndiyo, 1/512 ndiyo. Deni linabaki 1/2560. Angalia vizuri: 1/10, kiisha 1/160, kiisha 1/2560. Kila mzunguko deni linapungua mara 16, lakini haliishi. Yule mama atamwaga mpaka jua lizame, na mnunuzi bado anadai.

Kompyuta ndiyo yule mama. Ndani yake hesabu zinaandikwa kwa alama mbili tu, 0 na 1, na vipimo vyake ni vya nusu ya nusu ya nusu. Kumi ni 2 mara 5, na ile 5 haipatikani kwa kukata nusu hata ungekata mara ngapi. Siye wenye kuhesabu kwa kumi tuna shida ileile na 3, ndiyo maana theluthi haikwishi kuandikwa kwa koma. Kwa hiyo kompyuta inafanya kile ambacho mama yule angefanya kwa uchovu: inafika mahali, inasema "inatosha", inafunga mfuko.

Mara nyingi inatosha kweli. Lakini tarehe 25 mwezi wa pili 1991, katika vita ya Ghuba, haikutosha. Pale Dhahran, Saudi Arabia, Wamarekani walikuwa na silaha iitwayo Patriot ya kuzuia makombora ya Irak. Saa yake ilihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde, fungu la kumi kabisa, na 1/10 hiyo iliandikwa katika nafasi ya alama 24 tu, zilizobaki zikakatwa. Kosa lilikuwa kama sekunde 0.000000095 kwa kila hesabu moja. Nani angeliona? Lakini ile mashini ilikuwa imewashwa kwa masaa 100 bila kuzimwa. Masaa 100 ni sehemu za kumi 3,600,000. Zidisha: kosa limekuwa sekunde 0.34. Kombora la Scud lilikuwa linakwenda zaidi ya metre 1,600 kwa sekunde, kwa hiyo mashini ilitazama mbinguni mahali palipokosea kwa zaidi ya nusu kilometre, ikaona hakuna kitu. Kombora lilianguka juu ya nyumba ya askari. Watu 28 walikufa.

Kwa feza pia. Pale Vancouver, Kanada, soko la hisa lilianzisha kipimo chake cha bei mwezi wa kwanza 1982, kikianza na 1,000. Kila bei ilipobadilika, kompyuta ilihesabu upya na kukata kila kilichopita tarakimu tatu nyuma ya koma. Haikusogeza kwenda tarakimu ya karibu, ilikata tu, siku zote kwenda chini. Mwezi wa kumi na moja 1983 kipimo kilisoma karibu 524. Walipotengeneza hesabu, jibu la kweli lilikuwa 1,098.892. Nusu ya mali, kwa karatasi, ilikuwa imeliwa na vijipande ambavyo hakuna mutu aliyeviona. Wenye kusoma Mithali wanajua maneno yake juu ya mizani isiyo ya haki. Hapa hakuna mwizi hata mmoja, na mizani ilidanganya vilevile.

Dawa iko, tena ni ya zamani: usiandike jibu la kugawanya. Weka hesabu mbili nzima, ya juu na ya chini, na uziache zikae hivyo. 1/3 ni 1 na 3. 1/10 ni 1 na 10. Hesabu nzima haina mkia wa kukata. Ule mfupa wa Ishango, uliopatikana 1950 kando ya mto Semliki katika nchi yetu hii, na ambao leo unalindwa Brussels, una mikwaruzo iliyokatwa na mutu wa miaka kama 20,000 iliyopita. Wenye elimu wanabishana juu ya maana yake. Lakini mkwaruzo ama uko ama hauko, hakuna mkwaruzo wa 0.9999999.

Mfano mzuri kuliko yote tuko nao nyumbani, ni feza ya Kongo. Mwaka 1967 zaire moja ilichukua nafasi ya franka 1,000. Zaire iligawanyika katika makuta 100, na likuta katika sengi 100. Mwaka 1993 ilikuja zaire mpya, na moja yake ilikuwa zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 ilikuja franka tuliyo nayo leo, moja kwa zaire mpya 100,000.

Ona ile 3 katika 3,000,000! Ndiyo mchawi. Noti ya zaire 5,000,000, ambayo wazazi wengi wanaikumbuka, kwa kanuni ya 1993 ilikuwa zaire mpya 5/3. Yaani zaire 1, makuta 66, na theluthi mbili za likuta. Hakuna noti ya theluthi mbili za likuta. Kwa franka ya leo, noti hiyo ni 1/60,000. Mashini ya tarakimu 8 itakuandikia 0.0000166, na ukizidisha tena kwa 60,000 ili urudi kwenye franka yako, unapata 0.996. Umepoteza elfu nne kwa kila milioni moja, bila kununua hata mandazi.

Endelea mbele. Franka moja ya mbele ya 1967 ni 1/1,000 ya zaire; hiyo tena ni 1/3,000,000; hiyo tena ni 1/100,000. Zidisha namba za chini: 1/300,000,000,000,000 ya franka ya leo. Kwa ile mashini ndogo, feza ya babu ni sifuri, mambo yamekwisha. Kwa frakisio ni kitu kidogo sana, hakinunui chochote, lakini si sifuri: zidisha kwa namba yake ya chini, unarudi kwenye 1 kamili. Njia ya kurudi haijafungwa. Kwangu mimi tofauti kubwa ni hiyo.

Basi kwa nini kompyuta zote hazifanyi hivyo? Kwa sababu frakisio zinanenepa. Jumlisha 1 + 1/2 + 1/3 mpaka 1/10, unapata 7381/2520. Si mbaya. Fika 1/20, ni 55835135/15519504. Fika 1/100, na hata ukiisha kuifupisha yote inayofupishika, namba ya chini ina tarakimu 40. Chumba kimoja cha kawaida ndani ya kompyuta kinabeba hesabu ya tarakimu kama 19. Ikizidi hapo, lazima ikatwe vipande na kuwekwa katika vyumba vinavyofuatana, na kila kuzidisha kunakuwa kazi ya kubeba kutoka chumba mpaka chumba, sawa vile tunavyobeba "moja kichwani" kwenye karatasi. Na kazi nzito kuliko zote ni PGCD, kwa sababu bila kufupisha kila mara, namba zingejaza mashini yote.

PGCD tunaifanya kwa njia ya Euclide, mwalimu aliyefundisha Alexandria ya Misri miaka kama 300 mbele ya Kristo: gawanya kubwa kwa ndogo, chukua salio, rudia. Mwaka 1967 Josef Stein alichapisha njia nyingine inayotumia kukata nusu na kutoa tu, bila kugawanya. Kompyuta inapenda hiyo, maana kukata nusu ni kazi ambayo inaiweza bila jasho. Mnaona, kile kilichoikosesha fungu la kumi kinaisaidia hapa.

Lakini werevu ninaoupenda mimi ni wa Peter Henrici, wa mwaka 1956, na kila mwanafunzi anaweza kuutumia kesho katika interrogation. Tufanye 5/18 + 7/30. Njia ya kalasi: 5 mara 30 ni 150, 7 mara 18 ni 126, jumla 276, chini 18 mara 30 ni 540. Sasa tafuta PGCD ya 276 na 540, ni 12, fupisha, unapata 23/45.

Henrici anasema: usisubiri mwisho. Tafuta kwanza PGCD ya namba za chini, 18 na 30. Ni 6. Kwa hiyo 18 ni 6 mara 3, na 30 ni 6 mara 5. Juu andika 5 mara 5, jumlisha 7 mara 3, ni 46. Na sasa, hapa njo penye utamu: kitu pekee ambacho bado kinaweza kufupishwa kiko ndani ya ile 6. Hakiwezi kuwa mahali pengine. Tafuta PGCD ya 46 na 6 tu, ni 2. Juu inakuwa 23. Chini ni 3 mara 15, yaani 45. Jibu ni lile lile, 23/45, lakini hukugusa hata mara moja 276 wala 540. Na kama PGCD ya kwanza ingekuwa 1, hakuna kufupisha hata kidogo, kazi imekwisha.

Msomaji mjanja atahesabu hatua na kuniambia kwamba njia ya Euclide inachukua hatua tatu kwa 276 na 540, na tatu vilevile kwa 46 na 6. Ni kweli. Kwa namba hizi ndogo faida haionekani. Lakini weka namba za tarakimu 400 mahali pa hizi, na kila hatua moja inakuwa mlima. Kuzidisha ni vivyo hivyo: 14/15 mara 25/49, fupisha 14 na 49 kwa 7, fupisha 25 na 15 kwa 5, inabaki 2/3 mara 5/7, ni 10/21. Wenye haraka wanaozidisha kwanza na kufupisha nyuma wanapata 350/735 na kuumwa kichwa bure.

Kanuni nzuri ni nusu ya mwendo. Nusu ya pili ni namna programu inavyosomwa na mashini. Mnajua mgeni anapohubiri hapa kwa lugha yake. Mtafsiri anasimama kando yake. Mgeni anasema neno moja, mtafsiri analigeuza, mgeni anangoja. Mahubiri ya dakika 20 yanachukua 40, na hata kama mgeni atarudia neno moja mara kumi, litageuzwa mara kumi. Kumbe kitabu kilichotafsiriwa na kuchapwa mbele, kila mutu anakisoma moja kwa moja.

Python ni mgeni mwenye mtafsiri. Tangu 2008 ina sehemu yake ya frakisio, nzuri, haikosi, lakini imeandikwa kwa Python yenyewe, na kila hatua inapita kwa mtafsiri. Programu iliyokompiliwa ni kitabu kilichochapwa: imekwisha kugeuzwa yote kuwa lugha ya mashini mbele ya siku ya kazi. Maktaba ya namna hiyo inayojulikana kuliko zote inaitwa GMP. Msweden Torbjörn Granlund aliitoa mara ya kwanza 1991, mwaka uleule wa Dhahran, ingawa moja haikuletwa na nyingine. Ndani yake namba ina urefu wowote, mpaka nafasi ya kompyuta iishe. Frakisio ni namba mbili hizo, na inazitunza zikiwa zimefupishwa. Sehemu zake za ndani kabisa ziliandikwa karibu herufi kwa herufi kwa kila aina ya mashini, ili kusipotee hata pumzi moja. Na mwenye kupenda Python hakukatazwa: iko njia iitwayo gmpy2, mgeni anasema mara moja "jumlisha hizi", na GMP inafanya kazi yote nyuma ya ukuta bila mtafsiri. Mutu mwingine alichukua ile sehemu ya frakisio ya Python na kuikompili, akaiita quicktions. Zote ni bure, na kila mwenye kutaka anaweza kufungua na kusoma jinsi zilivyoandikwa.

Nisiwadanganye kwamba frakisio inafaa mahali pote. Kipeuo cha pili cha 2 si frakisio, pi si frakisio, na hakuna GMP itakayozifanya kuwa frakisio. Na kitu kilichopimwa kwa rula au kwa mizani kina kosa lake tayari. Kukiandika kwa tarakimu 40 ni kiburi tu. Kwa fizika yetu, koma inatosha. Lakini mali ya kugawanya kati ya watu, hesabu ya feza inayopita mikono mingi, équation zenye hatua elfu ambapo kosa la kwanza linazaa watoto, hapo nataka frakisio. Na simu zile za Android, zikiwa na mashini ya hesabu ya Google, zina akili kuliko mnavyofikiri: Hans Boehm na wenzake waliitengeneza iweke frakisio kamili ndani yake kila inapowezekana. Kwa hiyo yule ndugu wa kalasi ya chini, mwenye simu isiyoruhusiwa, anabeba PGCD mfukoni wakati anaikataa kwenye tablo.

Zoezi kwa wenye kupenda. Jumlisha 1/2 + 1/6 + 1/12 + 1/20 + 1/30 + 1/42 + 1/56 + 1/72 + 1/90. Fanya kwa karatasi, kwa njia ya Henrici, ukifupisha kila hatua: namba hazitanenepa hata kidogo, na mwisho utapata 9/10 kamili. Kiisha fanya kwa mashini ya tarakimu 8 inayokata, ukiandika kila sehemu sawa inavyoonyesha kioo. Utapata 0.8999997. Mwenye kuona mapema kwa nini kila jumla njiani inafanana na ile ya mbele yake, aniletee maelezo yake kwa maandishi mbele ya ijumaa. Yatakayoeleweka vizuri yatachapwa katika toleo linalokuja.